Wakubwa wetu wa Tanga, tuachieni miti na pa kupita

Waheshimiwa wakubwa wetu wa jiji, kuanzia ofisi za juu kabisa mpaka mtendaji wa mtaa, na nyie wa barabara, na nyie wa mipango miji, assalaam alaykum, na wasio Waislamu habari za kazi. Shikamooni wote mnaostahili shikamoo.

Nimeandika barua ya wazi mana kumpata mtu mmoja wa kumpelekea nimeshindwa. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA, zile kubwa ni TANROADS, usafi na wafanyabiashara ni jiji, sasa mtu anayetembea kwa miguu akitoka kwake kwenda sokoni anapita kwenye himaya za wote hao ndani ya dakika kumi na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni yeye. Gari lina ofisi, bajaji ina ofisi, genge lina mtu wa kulitoza ushuru, mtembea kwa miguu hana mwenyewe. Ndo nikaona bora niwaandikie wote kwa pamoja mgawane wenyewe.

Mimi nakaa Ngamiani, huku kwenye barabara za namba, na kabla ya malalamiko niseme ukweli ambao naona hata nyie mnausahau: mji wetu unatembeleka. Kutoka mlangoni kwangu naenda soko la Mgandini kwa miguu, msikiti upo, shule ya watoto ipo, duka la dawa lipo, fundi cherehani, saluni, wa mihogo ya kukaanga, wa maziwa, wote nawafikia na kandambili. Jua likipungua nikitaka upepo wa bahari natembea mdogo mdogo mpaka bustani ya Jamhuri nakaa naangalia meli bandarini na nauli sijatoa hata mia. Mtu wa Dar akija kunitembelea anashangaa, yani siku nzima hujapanda gari na shughuli zote umemaliza? Ndio, nimemaliza, na umbea nimeupata njiani.

Thamani ya hii kitu niliijua vizuri nilipokwenda kukaa jangwani.

Nilikuwa Dubai, upande wa Deira, mitaa ya Naif, nafanya kazi kwenye duka la kago, wale wanaofunga mizigo ya kuja huku kwetu. Wafanyabiashara wetu wengine wanapajua Naif kuliko wanavyopajua Korogwe kwaio sitaeleza sana. Watu wakisikia Dubai wanafikiria maghorofa yanayogusa mawingu na magari ya kifahari, ila Deira ni mji mkongwe, umekaa kandokando ya hori la bahari ambako majahazi yalikuwa yanashusha mizigo toka enzi za mababu zao, na mpaka leo majahazi yapo. Mitaa imebanana, chini maduka juu watu, vyumba vya kulala tunabanana kila mtu na kitanda chake na kabati lake dogo, sio maisha ya kujisifia kabisa, lakini ukitoka tu nje kila kitu kipo mguuni. Wahindi, Wapakistani, Wafilipino, Wasomali, Waswahili, wote tunatembea.

Na lile joto sasa! Julai na Agosti linapita nyuzi 40, halafu unyevu wa bahari juu yake, unatoka kuoga unajifuta maji na hujamaliza umeanza kujifuta jasho. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 100, wakati sisi Tanga tunapata zaidi ya 1,000. Kuna sheria kabisa kuanzia 15 Juni mpaka 15 Septemba kwamba vibarua wa juani wasimame kazi saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa. Sasa unajiuliza mji kama huo watu wanatembeaje, na mimi nilijiuliza hivohivo wiki za mwanzo, nikawa nawaangalia wenyeji wa mtaa wanavyopita mpaka nikaelewa.

Wanapita kivulini. Basi. Hakuna siri nyingine.

Ukitoka mlangoni unashika ukuta wenye kivuli, asubuhi upande huu jioni upande ule, maghorofa yamesogeleana kiasi kwamba jua chini halifiki mpaka lisimame utosini. Maduka mengi ghorofa la kwanza limetokeza juu ya njia ya watu kwaio unatembea chini ya paa bila hata kujua kwamba uko chini ya paa, na mlango wa duka ukifunguliwa kiyoyozi kinakupuliza miguuni. Soko la dhahabu na soko la viungo yameezekwa juu. Nje ya msikiti kuna mashine ya maji baridi, sabili, bure kwa kila mtu, na vikombe vya bati vimefungwa kwa mnyororo, wale vijana wa mikokoteni wanasimama pale wanakunywa, kikombe cha pili wanajimwagia kichwani, wanaendelea na mzigo. Ukitaka kwenda upande wa pili wa hori unapanda mtumbwi wa injini kwa dirham moja, na huko nako kuna mtaa wa zamani wenye vichochoro vyembamba na nyumba zenye minara ya kukamata upepo juu ya paa, walijenga hivo kabla umeme haujajulikana.

Na miti. Miti michache iliyopo Deira, kila mmoja ukiinama shinani unakuta mpira mweusi umepita, una vitundu, unatoa maji tone tone, na maji yenyewe ni majitaka yaliyosafishwa yakarudishwa. Yani mti mmoja wa kivuli una bomba lake! Mimi mtu wa Tanga nilisimama pale nikacheka peke yangu, mana kwetu mwarobaini unaota wenyewe kwenye ufa wa ukuta hakuna aliyeualika.

Ila tuelewane hapa, sijaandika kuisifia Dubai. Nje ya mitaa ile ya zamani habari ni nyingine kabisa. Ukienda kule barabara kuu ya Sheikh Zayed, duka unaliona kwa macho upande wa pili wa barabara, unasoma mpaka maandishi ya mlangoni, lakini kulifikia inabidi ukodi teksi au utembee mpaka stesheni ya metro ndo uvukie juu kwa daraja. Ukikatiza barabara ovyo faini ilikuwa dirham 400, zaidi ya laki mbili na nusu za kwetu. Kule mji umejengwa kwa ajili ya gari, mwenye gari anastarehe na asiye na gari anatafuta pa kupita kwenye mchanga. Hata metro yenyewe ilikuja 2009, mji umeshatanuka zamani.

Sasa sikilizeni hili ambalo ndo limenifanya nikae chini niandike. Desemba 2024 watawala wa Dubai walitangaza mpango wa kuwarudisha watu kwenye kutembea. Njia za miguu kilomita 6,500, madaraja na vivuko vya chini 110, wanataka safari za miguu na baiskeli zitoke asilimia 13 zifike 25 ikifika 2040. Na sehemu ya kuanzia mojawapo mnajua ni wapi? Al Ras. Al Ras ni humohumo Deira, kwenye masoko ya zamani, dakika chache kutoka nilipokuwa nakaa. Mji wenye hela zote zile umejenga mibarabara miaka nenda rudi, halafu umekaa ukatafakari ukaona pa kuanzia upya ni kwenye ule mtaa wa zamani wenye vichochoro na watu wa kawaida.

Sisi huo mtaa tunao. Hatujaubomoa bado. Ndo mana naandika sasa na sio baadae.

Nyie mnajua kuliko mimi mji unavyokuja juu. Sensa ya 2012 jiji letu lilikuwa na watu zaidi ya 270,000, ya 2022 ikasoma zaidi ya 390,000. Bandari imepanuliwa. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linakuja kumwaga hapo Chongoleani, kilomita 1,443. Hela zinakuja, malori yanakuja, magari madogo ndo usiseme, na mji ukipata hela cha kwanza kinachofanyika ni kutanua barabara na cha kwanza kinachoondoka ni mti na baraza. Mimi sikatai lami jaman, vumbi tumekula sana, watoto wamekohoa sana. Ninachouliza ni kwanini kila lami ikija sisi wa miguu tunapungukiwa.

Niwape mfano mmoja wa karibu na kwangu. Kulikuwa na kona ina mkungu mkubwa, ule wa zamani ambao matawi yake yalikuwa yanafunika barabara mpaka upande wa pili. Chini yake muuza kahawa na kashata zake, fundi baiskeli, na wazee wanaocheza bao kuanzia baada ya adhuhuri. Barabara ilivyokuja kuwekwa lami mti ukakatwa. Simtaji mtu mana hata sijui nani alitoa oda, ninachojua asubuhi walikuja na msumeno wa mashine, mchana pakawa peupe, magogo yakaondoka na fuso hata hatujui yalikwenda kupikia wapi. Barabara yenyewe haikupita pale ulipokuwa mti, ilipita pembeni yake! Pale mti ulipokuwa pana kokoto mpaka leo.

Sasa kama mnataka kujua ule mti ulikuwa unafanya kazi gani nendeni pale saa nane mchana. Muuza kahawa amehamia kwenye kibaraza cha nyumba ya watu, mwenye nyumba akiamka vibaya anamfukuza. Fundi baiskeli kapata mwavuli wa kampuni ya simu umechanika ubavu mmoja, anazunguka nao kufuata jua linavyohama, spana mkono mmoja mwavuli mkono mwingine. Bao limekufa. Na kuna mzee mmoja alikuwa anatoka barabara ya nyuma na fimbo yake kidogo kidogo, anafika pale anakaa, anaongea na wenzake, akishapata pumzi anaendelea mpaka sokoni. Siku hizi haendi. Au akienda anapanda bajaji, na bajaji ni hela, na hela yenyewe anatumiwa na mwanae. Wajukuu wanasema babu amezeeka ghafla. Babu hajazeeka ghafla, babu kanyang'anywa kituo chake.

Na ile lami bila mti inakunywa jua mchana kutwa halafu usiku inalitema, kaeni barazani saa mbili usiku kipindi cha kaskazi mtalisikia joto linapanda kutoka chini. Zamani ukisikia joto ndani unatoka nje, siku hizi kuna mitaa nje kuna joto kuliko ndani.

Hapo mtasema tumepanda miti. Ni kweli mmepanda, ile mirefu myembamba ya mbele ya maofisi, inapendeza kwenye picha, lakini kivuli chake hakimtoshi hata kuku. Mkungu, mwarobaini, mjohoro, mwembe, hii ndo miti ya mji wa pwani, inatanua mikono. Mtu wa kivuli hataki mti wa gwaride.

Tuje kwenye mitaro. Mtaro wa pembeni ya barabara ndo ungekuwa njia yetu laiti ungekuwa na mifuniko, mana slabu zikipangwa vizuri watu wanapita juu na maji yanapita chini, kila mtu ana njia yake. Slabu zetu mnazijua, moja ipo moja haipo, ya tatu imevunjika katikati nondo zimechomoza, ya nne wameitoa wazibue uchafu wakasahau kuirudisha. Kiangazi unaona shimo unakwepa. Masika sasa, maji yakijaa barabarani na mtaroni yanakuwa usawa mmoja, hujui wapi pana slabu wapi hapana, watoto wa shule wanashikana mikono wa mbele anapima na kijiti. Nimeshuhudia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na ndoo ya samaki mguu ukazama mpaka pajani, watu wakamtoa, mtoto mzima alhamdulillah, samaki wakaenda na maji. Alichubuka vibaya na ile nondo. Alikaa kwenye kizingiti cha duka anajifunga kanga mguuni huku anawahesabia watu hasara ya samaki, maumivu hata hayataji.

Na pale slabu zilipo nzima ndo utakuta gari limepakiwa juu yake, au bajaji zimepanga foleni, au tripu ya mchanga ya mtu anayejenga ambao una miezi unasubiri saruji. Kwaio mtembeaji anashuka barabarani kugombana na bodaboda, na bodaboda anapiga honi anamuuliza we mama huoni njia? Njia ipi mwanangu, njia umepaki wewe.

Najua na machinga watatajwa. Hapo naomba tusikimbilie mgambo. Wa matunda, wa mihogo, wa mitumba, mama lishe, wale ndo wanaofanya sisi tutembee, mana mtu unatembea ukijua unachotaka kipo njiani, na usiku sisi wanawake tunapita kwa amani kwa sababu kuna mtu na koroboi yake pale kona anauza chapati na anatujua majina. Ukiwaondoa wote njia itakuwa safi na hakuna atakayeipita. Kule Deira maduka nayo yanamwaga bidhaa nje, mabegi, maua ya plastiki, sufuria, lakini kipande cha mtu kupita kinabaki. Pigeni mstari wa rangi tu chini, huku biashara huku miguu, na huo mstari uheshimiwe na machinga na mwenye V8 sawasawa. Mwenye V8 hasa.

Taa sina mengi. Zile za sola zilizokufa betri zimebaki nguzo, zitengenezwe au zing'olewe tujue moja. Mwezi wa Ramadhani Ngamiani inakuwa hai mpaka saa sita usiku, watoto wanacheza, watu wanatoka tarawehe wananunua vibibi na mkate wa sinia, raha tupu, ukiisha mwezi giza linarudi na watu wanajifungia saa tatu. Deira watu wanatoka na familia usiku mwaka mzima kwa sababu mchana hauwezekani, sisi kipindi cha joto tungeweza hivohivo.

Halafu kuna hili la kuhamisha vitu. Stendi ilivyopelekwa Kange sikuwa na ugomvi, mabasi makubwa yalikuwa yanaukaba mji kweli. Ila tuseme ukweli, zamani unashuka basi usiku unabeba begi lako unatembea mpaka nyumbani, siku hizi unashuka Kange unaanza kubembelezana na bajaji. Ilikuwa na faida yake na ilikuwa na gharama yake, na gharama imelipwa na abiria. Sasa nasikia mara hiki kitapelekwa nje mara kile, viwanja huko ni vikubwa, kuna nafasi ya kupaki. Mimi naomba kila kitu kikija mezani kwenu cha kuhamishwa, iwe soko, iwe zahanati, iwe ofisi ya kulipia kitu fulani, mtu mmoja aulize, hapa zamani watu walikuwa wanafika na nini, na huko watafika na nini? Mana ukihamisha ofisi moja umeongeza nauli kwa kaya zote zilizokuwa zinafika kwa miguu, na hiyo nauli haiandikwi kwenye bajeti yenu, inaandikwa kwenye ya kwetu. Halafu kesho mnakuja na kipaza sauti mnatwambia wananchi fanyeni mazoezi, presha na sukari zinaongezeka. Si tulikuwa tunafanya!

Baiskeli nazo. Tanga ni mji wa baiskeli na wageni wote wanalisema hilo wakija, mama na buibui lake anakatiza na baiskeli, mzee na kanzu, mwanafunzi kambeba mwenzake. Tambarare hii Mungu katupa. Lakini mwendesha baiskeli saivi ana sentimita chache kati ya bodaboda na mtaro usio na mfuniko, na watoto wengi siku hizi wazazi wanawakataza. Ikifika miaka kumi tutakuwa tunaisimulia tu baiskeli ya Tanga.

Basi naombaje? Siombi kilomita 6,500, hatuna hela ya Dubai na hatuna haja nayo. Naomba njia moja. Kutoka Mgandini mpaka hospitali ya Bombo, ifanyeni hiyo moja iwe ya mfano. Nimeichagua kwa sababu kila siku utakuta watu wanaipita na hotpoti za chakula za wagonjwa, asubuhi uji, mchana wali, jioni tena, wengi ni akina mama na wengi wanatembea kwa sababu hela ya bajaji ikitoka mara tatu kwa siku na mgonjwa kalala wiki mbili nyumbani hawali. Ukimtengenezea njia huyu mama wa hotpoti umewatengenezea wote, mtoto, mzee, mwenye kiti cha magurudumu, mtalii anayekuja kuangalia boma la Wajerumani.

Slabu zote ziwepo mwanzo mpaka mwisho, isikosekane hata moja. Miti ipandwe upande ambao jua la mchana linapigia, sio upande wowote tu kwa sababu shimo limechimbika kirahisi. Zile nyumba za zamani za mjini zenye baraza mbele na nguzo, ambazo waliozijenga walijua jua la hapa lilivyo, wenye nazo wasiruhusiwe kuziba zile baraza na mageti na stoo, hicho ni kivuli kimeshajengwa tayari na hakidai hata senti. Zebra pale kwenye shule na pale kwenye kuvuka barabara kubwa zipakwe rangi na awepo mtu wa kuzisimamia wiki za mwanzo mpaka madereva wazoee. Viti vitatu vinne vya saruji, sio vya kifahari, mtu akalishe hotpoti apumzike. Na bomba moja la maji ya kunywa pale nusu ya njia, msikiti au duka lolote wakiombwa sidhani watakataa, sabili sisi sio wageni nayo.

Miti mtupe sisi tuilee. Kila nyumba inayopitiwa ikabidhiwe mti mmoja kwa jina, maji ya kuogea na ya kufulia tutamwagia, mbuzi tutawafukuza. Mti ukipita kiangazi cha kwanza na cha pili umeshajisimamia. Hatuhitaji mpira mweusi wa tone tone, tunahitaji tu msije mkaukata ukishatoa kivuli.

Na hilo la kukata liwekewe utaratibu. Mti wowote wa barabarani kabla haujakatwa tangazo libandikwe kwa mtendaji wa mtaa, liseme mti upi, kwanini, na upi umepandwa badala yake, yani umepandwa tayari, sio utapandwa. Mchoro wa barabara inayokuja nao ubandikwe hapohapo ukutani tuuone, wapo mafundi wastaafu mtaani huku wa reli na wa bandari wanasoma michoro vizuri tu na watawaambia bure kabisa wapi barabara inaweza kupindishwa mita moja ikaacha shina.

Mkiitisha mkutano wa mtaa nitakuja na siko peke yangu, na picha za mitaro ninazo barabara kwa barabara. Ila kuna moja haiwezi kusubiri mkutano. Barabara ya nyuma yetu kuna mwarobaini, ule wenye genge la mama wa mboga na bodaboda wanaopaki chini yake, majuzi tumeamka tumeukuta umepigwa iksi nyekundu shinani. Tumeuliza, kila tuliyemuuliza anasema sio yeye. Tunaomba aliyeipiga hiyo rangi ajitokeze wiki hii atwambie ina maana gani, na kama ni ya barabara, aje na mchoro.

Mkazi wa Ngamiani, Tanga